Taa ni Shahidi, si Kadhi



Wasomaji watukufu, mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, pamoja na wanaume wa nyumba zenu ambao najua hulisoma jarida hili mkishalimaliza nyinyi: juma lililopita tulizungumzia matumizi ya nyumbani, na jinsi mali inavyoponyoka mikononi mwa mtu mwangalifu bila ya yeye kujua imepita wapi. Leo naendelea na maneno hayo hayo, ila naingia kwa mlango ambao huenda hamkuutazamia, nao ni mlango wa gari. Mimi si fundi. Elimu yangu ni ya chuoni, na mpaka mwaka huu sikujua kwamba usukani una kitu ndani yake zaidi ya chuma na ngozi. Lakini yamenifika ya kunifundisha, na katika hayo limo kosa langu mwenyewe, ambalo ni haki nilikiri mbele yenu kabla sijatoa nasaha yoyote.

Dada yangu mdogo anaishi ng'ambo ya daraja, Kisauni, na kila siku ya kazi huvuka kuja kisiwani pamoja na wanawe wawili na mtoto mmoja wa jirani. Tangu mumewe alipofariki, gari lake dogo, lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, ndilo linalompeleka kazini, ndilo linalowapeleka watoto skuli na madrasa, na ndilo linalobeba vyakula anavyowapikia watu wa harusi mwisho wa wiki. Kwetu Ndia Kuu hakuna pa kuliweka. Ndia Kuu kwa Kimvita ni njia kuu, lakini ukuu wake ni wa zama za waendao kwa miguu na mikokoteni. Likiingia gari moja, aliyeketi barazani huvuta miguu. Basi yeye huliacha upande wa Ngomeni, akaja kwa miguu kunijulia hali.

Siku moja alikuja akaniambia, "Kakangu, kuna taa ya manjano inawaka mbele ya usukani, ina picha ya gari lililoacha nyayo kama za nyoka. Nikizima gari nikaliwasha upya hupotea, kisha hurudi."

Nikamuuliza kama gari linakwenda. Akasema linakwenda. Nikamuuliza kama breki zinashika. Akasema zinashika. Nikamwambia, "Basi shaka ya nini? Magari ya siku hizi yana taa nyingi kama nyumba ya harusi." Akacheka, nami nikacheka, na hilo ndilo kosa langu. Nilitoa fatwa katika jambo nisilolijua, na aliyeniuliza aliniamini kwa sababu mimi ni kaka yake.

Juma la pili yake, asubuhi ya mvua, alikuwa akiteremka Daraja la Nyali na watoto nyuma. Aliponyoosha gari kuingia upande wa kisiwani, gurudumu moja lilishikwa breki bila ya yeye kugusa pedali, gari likayumba kuelekea kwenye msururu wa matatu. Aliushika usukani kwa mikono miwili mpaka likanyooka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini aliponisimulia barazani mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, nami sikuwa na neno la kumwambia.

Akalipeleka gari gereji. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba, akasema, "Sensa ya usukani imekufa." Dada yangu alipouliza sensa hiyo inafanya kazi gani na imekufa kwa sababu gani, akaambiwa alete mwanamume aje aelezwe. Akanyamaza. Akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya muhula, akanunuliwa sensa iliyotolewa katika gari jingine kuukuu, ikatiwa. Siku mbili hazikupita, taa ikarudi. Fundi mwingine akamshauri rahisi zaidi: taa ibandikwe utepe mweusi, asiione, apumzike roho. Hapo ndipo alipokuja kwangu mara ya tatu, na hakuja kucheka.

Kuna kijana mmoja aliyesoma juzuu zake za mwanzo mbele yangu, na sasa ni fundi wa umeme wa magari. Nilimwita, akaja baada ya sala ya Alasiri, akakaa barazani. Nilidhani atainuka mara moja kwenda kulifungua gari. Hakuinuka. Alimgeukia dada yangu, wala si mimi, akaanza kumuuliza kwa adabu.

"Mama, taa hii ilianza lini?"

"Mwezi umepita."

"Na kabla ya kuanza, gari lilifanyiwa kazi gani?"

Dada yangu akafikiri. "Lilibadilishwa tairodi ya mbele, upande wa kushoto. Kisha wakanyoosha magurudumu."

"Walinyoosha kwa mashine au kwa kamba?"

"Kwa kamba na kwa macho."

"Na tangu siku hiyo, ukienda moja kwa moja, usukani unakaa sawa au umeinama?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umeinama kidogo kuliani. Nilidhani ndivyo ulivyo."

Kijana akanitazama akasema, "Maalim, nusu ya kazi imekwisha." Nami nikakumbuka jinsi kadhi anavyoketi na wenye kesi. Hahukumu kwa neno la kwanza aliloletewa. Huuliza, hupambanua, humleta shahidi wa pili akampima kwa wa kwanza. Yule kijana hakuwa amegusa hata msumari, na tayari alikuwa amejua zaidi ya waliofungua usukani mzima.

Sasa nawaeleza alivyonieleza, maana hili ni jambo linalowahusu nyote mnaoendesha na nyote mnaoendeshwa.

Neno usukani tumelirithi kwa mabaharia wetu. Sukani ni ule ubao wa tezi unaokielekeza chombo. Aliyesafiri kwa jahazi anajua kwamba kuelekeza sukani ni jambo moja, na chombo kwenda huko ni jambo jingine. Mkondo na upepo huweza kukipeleka upande. Kwa hiyo nahodha huangalia mambo mawili: sukani imegeuzwa wapi, na dira inasema chombo kinaelekea wapi. Yakiafikiana, hana neno. Yakitofautiana, ndipo husahihisha.

Gari la siku hizi lina nahodha wa namna hiyo, naye ni kompyuta ndogo inayosimamia utulivu wa gari. Watengenezaji huiita kwa majina tofauti, kama ESP, ESC au VSC, lakini kazi ni moja. Sensa ya usukani humwambia dereva amegeuza kiasi gani, kwa digrii, na kwa haraka gani. Sensa nyingine, iliyofichwa katikati ya gari, husema gari lenyewe linazunguka kiasi gani. Sensa za magurudumu manne husema kila gurudumu linakwenda mbio gani. Kompyuta hulinganisha khabari hizi mara nyingi kwa kila sekunde. Ikiona kwamba dereva anataka kwenda kushoto na gari linateleza kwenda mbele, hushika breki ya gurudumu moja peke yake ili kulirudisha gari katika njia aliyoikusudia dereva.

Si jambo la zamani. Gari la kwanza kuuzwa na mtambo huu ulioundwa na kampuni ya Bosch lilikuwa la Mercedes-Benz, mwaka 1995. Mwaka 1997, huko Sweden, waandishi wa gari walilijaribu gari dogo jipya la kampuni hiyo hiyo, wakaligeuza ghafla kama dereva anayekwepa mnyama njiani, likapinduka. Na baada ya hapo kampuni ikatia mtambo huu katika kila gari la aina ile. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya ya mwaka 2012, na nchi za Ulaya kwa magari mapya yote tangu Novemba 2014. Nasi Kenya haturuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Basi hesabuni wenyewe: mengi katika magari yanayoteremshwa Kilindini leo yana nahodha huyu ndani, hata kama mwenye gari hajui kwamba yupo.

Sensa yenyewe hukaa nyuma ya usukani, imezunguka ule mti unaoushika. Katika magari mengi ndani yake mna meno madogo ya plastiki yenye sumaku, au kisahani chenye matundu kinachopitisha mwanga. Usukani ukigeuka, meno hugeuka au mwanga hukatika, na sensa hupeleka hesabu kwa kompyuta. Lakini kila hesabu yahitaji mwanzo. Sensa lazima ijulishwe kwamba hapa ndipo sifuri, hapa ndipo gari linapokwenda moja kwa moja. Ikipoteza sifuri yake, itasema kweli katika kila digrii inayohesabu, na bado itakuwa imekosea yote, kama mtu anayesali kwa unyenyekevu mkubwa ilhali hakuuliza kibla kiko wapi.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa gari la dada yangu. Walipotia tairodi mpya, hawakulinganisha pande mbili, na kwa hiyo gari lilipokwenda moja kwa moja usukani ulikuwa umeinama. Sensa ikasema, kwa uaminifu kabisa, kwamba dereva anakata kulia. Sensa ya katikati ikasema gari halikati popote. Kompyuta ikasikia maneno mawili yasiyoafikiana. Aghlabu hungoja kidogo, ikaona kwamba mzozo hauishi, ikajizima na kuwasha taa ili dereva ajue kwamba nahodha ameondoka. Lakini kila gari linapowashwa upya, nahodha hurudi kazini, na kabla hajagundua mzozo tena, huweza kusahihisha kosa ambalo halipo. Ndilo lililotokea darajani, katika mvua.

Kwa nini basi mashine ya gereji ilisema sensa? Hapa ndipo ilipo nasaha ya leo. Mashine haikusema kwamba sensa imekufa. Ilitoa namba, na namba hutaja mahali palipotoka malalamiko, haitaji aliyekosea. Katika magari ya Toyota, kwa mfano, namba C1231 huhusu sensa ya usukani na njia yake ya umeme. Katika magari ya aina nyingi, namba U0126 ina maana kwamba kompyuta nyingine hazisikii sauti ya sensa hiyo. Sauti isiposikika, huenda msemaji amekufa, na huenda ni waya umekatika, fyuzi imeungua, au plagi imeingia maji ya chumvi kama ilivyo kawaida ya mji wetu wa pwani. Anayesoma namba na papo hapo akanunua spea amefanya kama mtu aliyesikia kwamba fulani ametajwa katika ugomvi, akamfunga bila ya kumwuliza neno.

Kijana wetu alifanya hivi. Kwanza alipima betri, gari likiwa limezimwa, kisha likiwa limewashwa. Alinifahamisha kwamba betri yenye afya, iliyotulia, huwa karibu na volti 12.6, na gari likiwaka huwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi, umeme ukiwa dhaifu, kompyuta za gari husema mengi yasiyo na maana, na kuzisikiliza ni kupoteza wakati. Betri ilikuwa nzima. Pili, alisoma namba zote, akaziandika kwenye karatasi kabla ya kuzifuta, maana kufuta kabla ya kuandika ni kumfukuza shahidi kabla hajasema.

Tatu, alifungua ukurasa wa mashine unaoonyesha hesabu za sensa zikiwa hai, akamwita dada yangu akae katika kiti cha dereva ageuze usukani polepole, kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Hesabu ilipanda na kushuka bila ya kuruka. Katika magari mengi madogo usukani huzunguka kama mara moja na nusu kila upande, yaani digrii 540 hivi, na pande mbili zapaswa kukaribiana. Sensa hii ilihesabu vyema. Haikuwa maiti.

Nne, tukangoja mpaka asubuhi baada ya Alfajiri, njia zikiwa tupu, tukaliendesha gari katika Barabara ya Nkrumah mwendo mdogo, moja kwa moja. Usukani uliinama, na mashine ikasema digrii 13 upande wa kulia. Hapo kijana akazima mashine akasema, "Hapa hapana ugonjwa wa umeme. Kuna chuma kimekaa vibaya, na sensa ndiyo iliyotupa khabari."

Gari likapelekwa penye mashine ya kunyoosha magurudumu, tairodi zikalinganishwa pande zote mbili mpaka usukani ukakaa sawa. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa mara nyingi, sensa ikawekewa sifuri yake upya kwa mashine. Baadhi ya magari hujifunza yenyewe yakiendeshwa moja kwa moja kwa muda mfupi. Mengine hayakubali ila kwa kuamriwa na mashine, na hata sensa mpya kabisa, au ya kuukuu iliyotolewa gari jingine, haifai kitu mpaka ipewe sifuri ya gari hilo. Tangu siku hiyo taa haikurudi. Gharama ya kazi yote haikufika hata robo ya ile spea isiyohitajika.

Nilimuuliza yule kijana anipe kanuni ambayo mtu asiye fundi aweza kuikumbuka. Akanipa, nami nimeipanga kama tupangavyo masuala ya fikihi, hali kwa hali.

Hali ya kwanza: gari linakwenda moja kwa moja, usukani umekaa sawa, lakini hesabu si sifuri. Sensa ni nzima, imepoteza mwanzo wake, labda kwa sababu betri ilitolewa au kazi fulani ilifanywa mbele ya gari. Dawa ni kuiwekea sifuri.

Hali ya pili: gari linakwenda moja kwa moja, usukani umeinama, na hesabu inafuata kuinama huko. Sensa inasema kweli. Dawa ni kunyoosha magurudumu kwanza, ndipo sifuri. Wala asije mtu akaung'oa usukani na kuurudisha ukiwa sawa ili kuficha kosa. Nyuma yake mna utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua, unaopeleka umeme kwenye mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Ukirudishwa nje ya kati, siku usukani utakapozungushwa mpaka mwisho, utepe hukatika.

Hali ya tatu: hesabu inaruka, au inaganda mahali pamoja usukani ukigeuka. Kwanza yatazamwe plagi na waya, na huo utepe unaojikunja, ambao katika magari mengi umekaa ubavuni mwa sensa. Hivyo vikiwa vizima, basi sasa ndiyo sensa yenyewe ituhumiwe.

Hali ya nne: mashine haiioni sensa kabisa. Yaanziwe fyuzi, umeme unaoingia, na waya wa kwenda kwenye bodi, kabla ya kununua chochote.

Na katika hali zote nne, mwenye kufungua usukani awe ni fundi ajuaye mfuko wa hewa. Betri huondolewa kwanza na hungojwa dakika kadhaa. Mfuko huo hupasuka kwa nguvu kubwa, na aliyeinama juu yake huumia vibaya.

Sasa nawageukia nyinyi, mama zetu na dada zetu. Dada yangu aliambiwa alete mwanamume aje aelezwe. Aliyemwambia hivyo alimdhulumu, hata kama hakukusudia, kwa sababu gari ni lake, fedha ni zake, na watoto waliokuwa darajani ni wake. Zaidi ya hayo, shahidi mkubwa katika kesi hii alikuwa yeye. Ni yeye aliyejua taa ilianza lini, na ni yeye aliyehisi usukani umeinama. Mimi mwanamume ningeitwa ningesema nini? Nimekwisha kuwaambia nilivyosema.

Basi msione haya kuuliza. Gari likiwasha taa, andikeni siku, na kazi ya mwisho iliyofanywa. Mkifika gereji, ombeni namba iliyosomwa iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Ulizeni betri imepimwa volti ngapi. Ulizeni sensa inasoma ngapi usukani ukiwa sawa, na ngapi pande mbili, na mtake kuiona hesabu kwa macho yenu. Magurudumu yakinyooshwa, au tairodi ikibadilishwa, ulizeni kabla ya kulipa: sifuri ya usukani imewekwa? Spea ikibadilishwa, ya zamani ni yenu, ichukueni. Na gari lijaribiwe njiani mkiwa ndani yake, kabla ya fedha kutoka mkononi. Fundi mwema hatachukia maswali haya. Atafurahi kwamba amepata mteja anayeijua thamani ya kazi yake. Anayechukia amewajibu bila ya kusema.

Nanyi mafundi, najua baadhi yenu mnasoma jarida hili kwa mama zenu. Simtuhumu yule wa kwanza kwa wizi. Naamini aliiamini mashine yake. Lakini aliyekabidhiwa gari la mtu amekabidhiwa roho zilizomo ndani yake, na kubainisha kabla ya kuhukumu ni amri tuliyopewa sote, si makadhi peke yao. Nusu saa ya maswali haipunguzi riziki. Na yule wa utepe mweusi ajue kwamba taa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia mjane kwamba nahodha wake hayuko. Kumfumba macho si kumpumzisha roho.

Waliotutangulia walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kuna watu wawili wanaokosea mbele ya wingu: anayesema hakuna kitu, na anayekimbia kuezua paa lote. Mimi nilikuwa wa kwanza, na gereji ilikuwa ya pili, na kati yetu sisi wawili watoto watatu walikuwa karibu kuangamia na karo ya muhula ikapotea. Nimemwomba dada yangu radhi, naye amenisamehe, na sehemu ya ile karo nimeilipa mimi, kwa kuwa aliyetoa fatwa bila ya elimu ana sehemu yake katika hasara.

Ile sensa ya kwanza, iliyong'olewa, dada yangu aliidai akapewa. Ipo hapa Ndia Kuu katika mtoto wa meza yangu. Nilimuuliza kijana kama ilikuwa nzima. Akasema, "Huenda, Maalim. Hakuna aliyeiuliza." Nimeiacha hapo hapo, niione kila ninapofungua kuchukua kalamu, kabla sijaandika neno la kumhukumu mtu.

Mwenyezi Mungu awalinde njiani, awarudishe salama kwa watoto wenu, na atupe sote subira ya kuuliza kabla ya kusema. Aamin.